Gitaa Lililoshikwa Kinyume

Vidole vya msusi vilisifiwa mtaa mzima, lakini alipoingia duka la ala za muziki alivificha mfukoni kama vya mwizi. Mtu mzima, mvi zimeshabisha hodi, anatafuta gitaa! Wateja wake wangecheka hadi misuko iwafumuke. Wacha wacheke. Alitamani kupiga wimbo mmoja tu, ule aliofundishwa na kaka yake, na hofu yake ilikuwa moja: kwamba ameusahau.

Fundi wa duka, mzee aliyepandisha miwani kwenye kipara, alimteremshia gitaa la kahawia na kumsogezea kiti.

"Jaribu, mama. Gitaa halichaguliwi kwa macho."

Msusi akaketi, akalipakata. Shingo ya gitaa ikaelekea kulia.

"Kumbe wewe ni wa mkono wa kushoto! Ngoja, nina moja lenye nyuzi zilizopangwa kwa ajili yenu."

"Hapana, fundi. Naandika kwa kulia, nakula kwa kulia, na mume wangu akinichokoza namfinya kwa kulia."

"Sasa mbona umelishika kinyume?"

Ikabidi aeleze. Kaka yake alimfundisha kitandani, wameketi uso kwa uso, magoti yakigusana. Gitaa lilikuwa moja. Kaka alipiga kipande, akampa, kisha akaendelea kuchezesha vidole hewani ili dada amwige. Na dada, kwa utiifu uliopita kiasi, aliiga alichokiona: kaka alibana nyuzi kwa mkono wa upande wa dirisha, naye akabana kwa mkono wa upande wa dirisha. Walipogundua kosa, wimbo ulikuwa umeshaingia mikononi. Mama yao alitaka binti anyooshwe, kaka akakataa. "Mwache, mama. Nikimtazama najiona mimi." Baadaye kaka akaondoka na gitaa lake kutafuta riziki, akafia hukohuko, na kilichorudi nyumbani ni nguo tu.

"Pole sana," fundi alisema. Kisha biashara ikamrudia. "Wanasema samaki mkunje angali mbichi, na wewe umeshakauka. Lakini nitakukunja hivyohivyo. Ukishika inavyotakiwa, utapiga kama watu."

Akaligeuza gitaa mapajani mwa mteja wake. Msusi akajaribu, na kweli, mikono ilitulia vizuri. Angeweza kujifunza. Ila alipoinua macho, mbele yake palikuwa na ukuta, na kwa mkao ule hapakuwa na kaka wa kumwiga. Moyo ukamuuma.

Akaligeuza tena kinyume. Vidole vikajikwaa, vikasita, halafu vikaanza kwenda vyenyewe. Wimbo ulikuwepo! Ulikuwepo wote, hadi alipofika mahali fulani katikati, kidole cha pete kikabana uzi usio wake.

"Hapo umekosea, mama," fundi alisema, akinyoosha mkono. "Ngoja nikuonyeshe."

"Najua. Nimekuwa nikikosea hapo tangu utotoni, na kaka hakuacha kunicheka." Akausogeza mkono wa fundi taratibu. "Gitaa nalichukua. Ila hapo usinisahihishe, tafadhali. Hapo pana mwenyewe."

Akaanza upya, machozi yakimtoka. Alipofika palepale akakosea tena, akasimamisha vidole, akamsubiri kaka yake amcheke.