Seva Iliyowashwa kwa Mkono

Siku mke wa Seremala alipofariki, picha ya asubuhi iliingia kwenye simu kama kawaida. Seremala alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, na daktari alikuwa ndiyo kwanza ametoka mbele yake. Simu ikatikisika mfukoni. Akaitoa bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna. Ilikuwa picha yake mwenyewe: amelala fofofo juu ya mbao karakanani, mdomo wazi, randa imelala kifuani. Chini yake mkewe alikuwa ameandika: "Mume wangu akimalizia kabati la mteja."

Pembeni yake alikaa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Naye alikuwa ameshika simu, ameipata picha ile ile.

"Hata leo?" shemeji akasema, akicheka na kulia kwa mpigo. "Dada, hata leo?"

Picha hizo hazikuwa zikitumwa na mtu. Zilitumwa na seva, kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana bila mtu kuigusa. Mchana mke wa Seremala aliuza dawa dukani, lakini moyo wake ulikuwa kwenye seva, kama moyo wa wengine ulivyo kwenye njiwa au maua. Alianza na kompyuta kuukuu iliyopasuka kioo, akaiweka juu ya friji, akaijaza picha za ukoo mzima. Hakupenda picha zake zikae kwenye makampuni makubwa ya mtandaoni. Alisema mtu haweki albamu yake kwa jirani halafu akaenda kubisha hodi kila anapotaka kuitazama. Tatizo lilikuwa umeme. Ukikatika, albamu nayo inakata roho, na friji inabaki imebeba maiti. Ndipo alipoamua kukodi seva mtandaoni, ile ya bei ya chini kabisa. Alimweleza mumewe kwamba huko mbali kuna kompyuta kubwa, imegawanywa vipande kama nyumba ya wapangaji, na kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake.

"Kwa hiyo umepanga chumba ng'ambo," Seremala akasema, "na mimi ndege naiona ikipita tu."

"Wewe maliza kwanza mlango wa jikoni."

Mlango wa jikoni ulikuwa donda la nyumba ile. Seremala alitengeneza milango ya mtaa mzima, lakini wa kwake ulilia kama mbuzi na haukufunga mpaka usukumwe kwa nyonga. Mkewe alipochagua neno la siri la kompyuta yake, alichagua "mlangounalia", na alilitaja kwa sauti kila alipokuwa na mikono yenye unga na anataka mumewe amfungulie.

Kuwinda seva za bei ya kutupa kuliwafurahisha yeye na wenzake wa mtandaoni kuliko hata kuzitumia. Kampuni ikitangaza punguzo, alirudi nyumbani anatembea kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Rahisi ghali, mke wangu," Seremala alimwonya.

"Najua. Wewe nilikuokota bure, ona unavyonigharimu."

Juu ya seva hiyo alitengeneza programu ndogo. Kila asubuhi, wakati wa chai, programu ilichagua picha moja kutoka kwenye albamu na kuituma kwenye kikundi cha watu wanne, pamoja na maneno aliyoyaandika chini yake. Na aliandika chini ya kila picha, miaka na miaka, na karibu kila mara mumewe ndiye aliyekuwa ngoma ya kupigwa. "Hapa anasema anaijua njia." "Hapa bado anasema." "Suti ya kuazima, mkanda wa kuazima, tabasamu lake mwenyewe."

Watu wanne hao walikuwa yeye, mumewe, mdogo wake, na mtu mmoja aliyeitwa Kobe. Kobe alikuwa mwenzake wa mambo ya seva, wamejuana mtandaoni. Kobe aliandika kwa nadra, lakini akiandika mke wa Seremala alicheka hadi chai ikamwagika. Wakati mmoja Seremala alishindwa kuvumilia.

"Huyu bwana Kobe anayekuchekesha hivi ni nani?"

"Mtu anayejua kazi yake," mkewe akajibu, akaendelea kucheka. Seremala akanuna wiki nzima, na hakuna aliyehangaika kumbembeleza.

Sasa mkewe hakuwepo, na picha ziliendelea kuja. Baada ya mazishi watu walirudi makwao, sahani za kuazima zikarudishwa, nyumba ikabaki na sauti ya friji. Seremala hakuwa mtu wa kusema ya moyoni. Alirudi karakanani, akapiga randa, akapokea pole za wateja kwa kuitikia kwa kichwa. Lakini shemeji yake, ambaye alishona nguo kwenye kibanda kilichopakana na karakana, aliona jambo. Kila asubuhi shemeji alimletea chai, na kila asubuhi Seremala aliiweka kando, akaiacha ipoe, mpaka simu itikisike. Akishaiona picha, ndipo anakunywa.

"Shem, hiyo chai unaisubirisha nini? Inangoja mgeni rasmi?"

"Inanichoma ulimi."

"Ulimi wako unachomwa na chai ya saa nzima iliyopita. Haya."

Hakumsumbua zaidi. Yeye mwenyewe alizisubiri.

Kisha siku moja, chini ya picha ya Seremala akikimbizwa na bata, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Kobe. Seremala aliufungua mbele ya shemeji yake, uso umekaza. Ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, iliyonyooka, sauti ya mwalimu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma.

"Wanangu, poleni tena. Mimi ni mwalimu mstaafu, nilifundisha hesabu, na marehemu alikuwa rafiki yangu. Kampuni tunayokodi inahamia jengo jingine. Seva zote zitazimwa Jumapili, zihamishwe, ziwashwe upya. Mumewe, nitafute."

Shemeji alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Halafu akajishika mbavu.

"Huyo ndiye mwanamume uliyemnunia wiki nzima! Bibi wa watu!"

"Nilikuwa na mafua wiki ile," Seremala akasema.

Alimpigia Mwalimu Kobe jioni hiyo, baada ya kunawa vumbi la mbao. Mwalimu alimwambia kwanza wachukue nakala ya picha zote na maneno yake. Wakafungua kompyuta ya marehemu kwa lile neno la siri, Seremala akiliandika bila kumtazama shemeji yake, na Mwalimu akawaelekeza hatua moja moja mpaka albamu nzima ikashuka kutoka ng'ambo hadi juu ya friji. Hilo lilimpendeza Seremala. Kupima mara mbili kabla ya kukata ni jambo alilolielewa.

"Sasa la pili," Mwalimu akasema. "Seva ikizimwa na kuwashwa, picha zitakuwepo. Lakini ile programu inayozituma, aliiweka ijiwashe yenyewe? Kama hakuiweka, itabaki imelala. Ngoja nikuonyeshe pa kuangalia."

"Hakuna haja, Mwalimu."

"Ni dakika mbili, mwanangu."

"Mke wangu hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu," Seremala akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wa kuacha kazi nusu ni mimi. Muulize mtu yeyote. Yeye alimaliza."

"Haya," Mwalimu akasema. "Wewe ndiye uliyeishi naye."

Jumapili ikapita. Jumatatu shemeji alileta chai, Seremala akaiweka kando. Alipiga msasa mguu wa meza. Akaitazama simu, akapiga msasa mguu wa pili. Chai ikafanya utando juu. Alipomaliza miguu yote minne alianza tena wa kwanza, na mguu ule haukuwa na kosa lolote.

"Labda mtandao," shemeji akasema kutoka dirishani kwake.

"Labda."

Jumanne, hola. Jumatano hakufungua karakana. Shemeji akamkuta amekaa jikoni, simu iko mezani mbele yake, uso juu.

"Shem."

"Zilikuwa zinakuja tu," Seremala akasema. "Sikuwa nafanya lolote. Nilikuwa nakaa tu, naye ananisema. Sasa nimekaa, na hakuna anayenisema."

Shemeji alivuta kiti, akakaa, akachukua simu, yeye mwenyewe akampigia Mwalimu.

Mwalimu hakusema "niliwaambia". Aliuliza tu kama kompyuta iko karibu. Wakaingia kwenye seva, skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na Mwalimu akawatajia amri ya kufungua programu waisome.

"Andika nukta. Halafu mkwaju, ule mstari wa mshazari."

"Mkwaju upi? Unaoinamia kushoto au kulia?"

"Kulia. Umeandika nini?"

"Nimeandika mikwaju mitatu. Vidole vyangu ni vya nyundo, Mwalimu."

"Futa miwili. Na usigonge kama unapiga msumari, nakusikia hadi huku."

Programu ikafunguka. Ilikuwa fupi, na karibu yote ilikuwa lugha ya mashine. Lakini juu kabisa palikuwa na mistari ambayo marehemu alijiandikia mwenyewe, ya Kiswahili, ambayo mashine huiruka bila kuisoma. Shemeji akaisoma kwa sauti.

"Imewashwa kwa mkono. Kesho nitaiweka ijiwashe yenyewe. Leo nimechoka."

Akaendelea polepole: "Na tarehe ni ya miaka sita iliyopita."

Seremala aliinama karibu na skrini. Akasoma mwenyewe, kidole kikifuata maneno. Akasoma tena.

"Kesho," akasema.

"Nilimkumbusha," Mwalimu akasema kwenye simu. "Kila mwaka nilimkumbusha. Hodari, lakini alikuwa mvivu wa kutupwa kwa mambo ya mwisho mwisho. Aliniambia usije ukasikia wewe tu, maana hungemwacha apumue."

Kicheko kilianza kifuani kwa Seremala kama kikohozi. Kikapanda. Akapiga meza kwa kiganja, machozi yakamtoka. "Miaka sita! Kila siku mlango, mlango! Na yeye!" Shemeji alimtazama kwa hofu, kwa kuwa hakuwa amecheka tangu mazishi, na kicheko kirefu cha mfiwa hakijulikani kinaelekea wapi. Kisha akaona kwamba kinaelekea pazuri, naye akaangua chake.

Walipotulia, Mwalimu akamtajia amri ya kuiwasha. Ilikuwa na maneno matatu. Seremala aliyaandika herufi moja moja, akayakagua kama anavyokagua kiungo cha mbao, akabonyeza. Skrini haikusema kitu. Alikuwa ndiyo anafungua mdomo kuuliza kama ameharibu, simu mbili zikatikisika mezani kwa pamoja.

Picha ilikuwa ya karakana, zamani, kabla paa halijabadilishwa. Seremala ameshika futi, anamweleza mteja jambo kwa mkono ulionyooshwa. Maneno ya chini yalisema: "Anaahidi wiki ijayo. Wiki haikutajwa jina."

"Imefika kwangu pia," Mwalimu akasema. "Haya, sasa tumalizie. Mstari mmoja tu, na haitakusumbua tena. Kampuni izime, iwashe, ihame, programu itaamka yenyewe. Uko tayari?"

Seremala alikuwa ameshaunyanyua mkono juu ya vibonye. Akautazama. Akaushusha taratibu mezani.

"Kesho, Mwalimu," akasema.

"Kesho?" shemeji akadakia. "Shem, kesho hiyo ni ya ukoo au?"

"Leo nimechoka."

Mwalimu akavuta pumzi kama mtu anayesahihisha jibu lisilo sahihi na kuliacha lilivyo. Akawaaga, akasema salamu ziwafikie wote wa nyumbani.

Hadi sasa programu haijiwashi yenyewe. Kampuni imeizima seva mara mbili tangu hapo kwa matengenezo. Picha isipofika, Seremala hunawa mikono, hukaa jikoni mbele ya skrini nyeusi, huandika yale maneno matatu, kisha hunywa chai.