Dakika ya Kumi na Moja

Nina miaka kumi na tisa Sweden, katika mji wa Malmö, na kwa muda wote huo hakuna Mswidi hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi naonaje. Ukikaa na mtu kwenye basi ukaanza kumweleza unavyoiona bei ya umeme, anakutazama kwa adabu, halafu anahama kiti. Kwa hiyo maoni yangu yote, na ninayo tele, niliyapeleka nyumbani.

Nyumbani ni Mohoro, kule Rufiji, na njia ilikuwa kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Mimi siandiki, narekodi. Nikitoka kazini naweka simu mdomoni na kutembea nayo mpaka mlangoni kwangu. Nimezungumzia uchaguzi wao, sheria zao mpya za wageni, treni zinazochelewa eti majani yameanguka relini, na mbwa wanaosukumwa kwenye vigari vya watoto. Nimezungumzia watoto wanaopiga simu wiki nzima kabla, kuomba nafasi ya kuja kumwona mama yao mzazi. Hilo lilinichoma kuliko yote, kwa sababu kazi yangu ni kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawavalisha soksi. "Watu hawa wamewatupa mama zao," nilisema mara nyingi, kwa hasira ya kweli kabisa, na mimi mwenyewe nilikuwa na miaka sita sijamwona wangu.

Ndugu zangu walinisikiliza. Dada yangu Mwanawetu alikuwa akiiweka simu ndani ya bakuli la bati ili sauti itoke vizuri, mama akasogeza mkeka, majirani nao wakaja. Walivyoniambia hivyo nilivimba kichwa, siwezi kukataa. Baba alipofariki, kwenye arobaini yake, baba mdogo Mwinyimvua aliweka simu sauti kubwa mbele ya watu na kutangaza: "Kuanzia leo Mshamu ndiye baba wa nyumba hii. Jambo lolote kubwa lisiende bila kauli yake." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha kufulia, nimeshika shuka la mzee mmoja, nikajiona nimekuwa mtu.

Kauli. Neno hilo liliniharibu.

Mwaka ule mto ulipofurika na maji yakafika mpaka Mohoro yenyewe, niliyaona kwenye simu kabla hata ya baadhi ya watu wa Kibiti. Mpunga ulilala chini ya maji siku baada ya siku, na ukuta wa upande wa jikoni wa nyumba yetu ukaanguka. Mama, Bi Rukaya, alivushwa kwa mtumbwi na mdogo wangu Nassibu, akiwa amekaa juu ya gunia la mbegu, hataki kuliachia. Nilirekodi dakika kumi na saba. Nilisema kuishi bondeni ni ukaidi. Nilisema Ulaya mtu wa miaka sabini na mitatu hagusi jembe, anapumzika. Kisha nikatoa kauli: mama ahamie Kibiti mjini, kwenye nyumba niliyojenga, na kule bondeni asirudi tena.

Wote waliniandikia amina. Baba mdogo Mwinyimvua alisema nimeongea kiutu uzima.

Nyumba ya Kibiti ni nzuri. Ina vigae, ina friji, ina geti la chuma, na maji yanatoka bombani. Mwanawetu alihamia pale na mama ili amwangalie. Wiki za mwanzo nilitumiwa picha: mama kwenye kochi, mama mbele ya friji, mama na kikombe. Katika picha zote amekaa kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake ofisini. Mimi niliona amependeza.

Mwezi wa sita mwishoni akanitumia ujumbe wa sauti. Mama hakupenda kurekodi, alikuwa anapaza sauti kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Mshamu, baba. Maji yashashuka. Nassibu kasema tope limekaa zuri, jeusi, halijaonekana tope la namna hii tangu wewe unanyonya. N'nataka nikapande mlau wangu. Kunde na mahindi kidogo na maboga. N'takaa kwa Nassibu. Nipe ruhusa, baba."

Ulikuwa wa nusu dakika, nao ulikuwa na kila kitu ndani yake. Mtu wa Rufiji haelezwi mlau. Mto ukipanda unakula mpunga wako, ukishuka unakuachia udongo uliolowa na kunona, na hapo mtu anapanda haraka kabla haujakauka, bila kungoja mvua yoyote. Mafuriko makubwa ndiyo yanayoleta mlau mkubwa. Mimi nimelelewa kwa kunde hizo. Nimesomeshwa kwa maboga hayo, yaliyopelekwa mpaka Bungu na kuuzwa kando ya barabara. Lakini miaka kumi na tisa ya kuangalia bonde kwenye simu ilikuwa imenifundisha kuona maji tu, na kinachobaki maji yakishaondoka nilikisahau. Nawaambia ukweli, sijui nilikisahau vipi.

Nilimjibu kwa dakika tisa. Kipindupindu, mamba, nyoka, magoti yake. Nikamweleza jinsi wazee wa huku wanavyopewa ratiba ya mapumziko.

Akajibu, "Haya, baba."

Baada ya siku nne aliomba tena, kupitia kwa Mwanawetu. Nikasema nitalifikiria. Safari ya tatu hakuomba. Alimpigia Nassibu simu akamwambia amwachie kipande chake, kile cha chini ya mkuyu, asikipande. "Mkubwa ataniruhusu," alimwambia. "Wee niwekee tu."

Kuanzia hapo Mwanawetu akawa ananiambia mama hali vizuri. Anakaa getini kutwa, lakini barabara ile ya Kibiti watu wanapita na pikipiki, hakuna anayesimama kusalimia. Chakula anachokonoa. Nikatuma pesa za vitamini na maoni kuhusu lishe ya wazee. Katikati ya mwezi wa saba alianguka bafuni, si kwa kuteleza, kwa kuishiwa nguvu tu, wakampeleka hospitali ya misheni ya Mchukwi. Madaktari walimpima kila kitu. Wakasema moyo umechoka, na wakasema pia kwamba bibi huyu kama ana kitu anakitaka, apewe.

Mwanawetu aliniambia maneno hayo kwa simu nikiwa kazini. Nilikuwa namlisha uji bibi mmoja anaitwa Ingrid, ambaye mwanawe yuko Australia. Nikaangalia ule mdomo wazi unaongoja kijiko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu maoni yalinikauka. Nikajua nimefanya nini. Siwezi kusema nilikuja kujua baadaye, hapana. Nilijua palepale, na kijiko mkononi.

Basi si ningepiga simu niseme nenda? Ningeweza. Lakini baba wa nyumba hatengui kauli yake mwenyewe kwa neno moja, kama mtu aliyefumaniwa. Nilitaka niirudishe kwa heshima, ionekane ina sababu. Zamu ilipokwisha nikafungua kundi la ukoo, nikaweka simu mdomoni nikaanza kutembea.

Mama alifariki usiku uleule, kabla ya adhana ya alfajiri. Walimzika Kibiti baada ya adhuhuri, kwenye makaburi ya watu tusiowajua, kwa sababu maiti haingojeshwi na kwa sababu kauli iliyokuwepo ilikuwa moja tu: Mohoro asirudi.

Ruhusa ya kazi na tiketi vilinichelewesha. Nilifika siku ya thelathini na nane. Kwenye kaburi nilisoma nilichoweza kusoma, nikalia, watu wakanishika mabega. Wote walikuwa wema kwangu. Jioni, tukiwa jikoni kwenye ile nyumba yangu yenye vigae, nilimuuliza Mwanawetu swali nililotoka nalo Malmö.

"Ule ujumbe wangu wa mwisho. Mama aliusikia?"

Alikuwa anachambua mchele wa arobaini. Hakuinua uso.

"Nilimuwekea sikioni. Akasikiliza kidogo. Akasema, 'Zima, mwanangu, nimechoka. Tutausikiliza kesho.'"

"Na wewe?"

"Kaka, usinikasirikie."

"Sikasiriki."

"Sikuusikiliza. Mpaka leo." Aliacha mchele. "Siku hizi hatusikilizi, kaka. Tulikuwa tunasikiliza zamani. Sasa zinakuja ndefu, mtu ana kazi zake, anaandika amina anaendelea. Mama ndiye peke yake alikuwa anasikiliza zote mpaka mwisho. Siku ile tu ndiyo alishindwa."

Kesho yake nilimwomba Nassibu anipeleke bondeni. Nassibu hakuwa amesema nami zaidi ya salamu. Tulitoka Mohoro kwa miguu, yeye mbele, na kwa kweli sijawahi kuona bonde likiwa kijani namna ile. Mahindi yalinipita kimo. Maboga yamejilaza huku na huku, kunde zimeshikana mpaka huoni pa kukanyaga. Akina mama wawili walikuwa wanachuma majani, wakanipa pole, wakamtaja Bi Rukaya kwa jina. Na katikati ya ukijani wote huo, chini ya mkuyu, kulikuwa na kipande kitupu, kama robo eka. Udongo wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Kingo zake zilikuwa zimenyooka, kwa sababu Nassibu alikuwa amepanda mpaka mwisho wa chake na kuacha hapohapo.

"Nilimwekea," alisema. "Kila siku nakuja natazama, nasema labda leo kaka atasema. Tope halingoji. Likikauka limekauka." Kisha akanigeukia. "Ulimkatalia nini, kaka? Mtu mzima, mama yako. Kunde tu."

"Sikumkatalia. Nilimruhusu."

"Lini?"

Nikatoa simu. Nikautafuta ule ujumbe wa mwisho, wa dakika kumi na nne. Nilitaka kusogeza mbele nimpeleke moja kwa moja penye neno. Nassibu akanishika mkono.

"Usirukishe. Tuusikilize kama ulivyotaka mama ausikilize."

Akakaa chini, pembeni mwa kipande kile. Mimi nikabaki nimesimama. Sauti yangu ikatoka, safi, ya mtu aliyeshiba. Nilianza kwa kumsalimia mama, nikamsalimia baba mdogo Mwinyimvua, nikawataja shangazi na watoto wao, nikawaombea dua wagonjwa wote wa Mchukwi. Dakika tatu. Mwanawetu alisema mama alisikiliza kidogo. Nadhani aliishia hapo, kwenye majina ya watu wazima wenye afya zao.

Kisha nikaingia kwenye hali ya dunia. Nikaeleza bunge la Sweden linavyobishana kuhusu gharama za kutunza wazee. Nikataja asilimia. Nikalinganisha na kwetu. Upande wa pili wa mkuyu ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye mahindi, na Nassibu, kwa mazoea, akaokota donge la udongo akarusha bila kuangalia. Dakika ya saba nilikuwa bado nafafanua kwa nini ile kauli yangu ya kwanza ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Nilitamani ardhi ya bonde inimeze. Dakika ya tisa nikamsimulia Ingrid na uji wake, na katikati ya maneno magari ya Malmö yakasikika yakipita.

Kwenye dakika ya kumi na moja nikasema, "Kwa hiyo, mama, nenda. Nenda Mohoro kapande mlau wako. Nilikosea, mama yangu. Nisamehe."

Halafu nikaendelea. Avae mabuti. Achemshe maji. Asilale shambani kwenye dungu la kulindia ndege, alale nyumbani kwa Nassibu. Dakika tatu nyingine za masharti, na mwisho wasalaam.

Nassibu alikuwa anavunja donge la udongo kwa vidole, taratibu, mpaka likawa vumbi.

"Huu uliingia saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili usiku, kwa saa za huku."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali jambo. "Saa mbili nilikuwa Mchukwi. Jirani yetu Mudy alinipeleka na gari lake la mkaa. Tulikaa pale nje mpaka saa tatu na nusu, tunangoja labda utapiga simu. Mama alikuwa bado anaongea. Nilipoingia kumwona aliniuliza mara mbili, 'Mkubwa kasema?' Nikamwambia bado."

Nilifungua mdomo.

"Nyamaza, kaka," Nassibu akasema, bila ukali wowote. "Mimi mwenyewe nilikuwa na ujumbe huo kwenye simu yangu. Niliona umeingia. Nikaona dakika kumi na nne, nikajua ni mambo ya Ulaya, nikaurudisha mfukoni."