Laki Sita kwa Sekunde

…na bado laki sita, si laki sita na nusu, si laki tano na tisini elfu, pakiti laki sita zile zile kwa sekunde, asubuhi hii tena, kwa ukaidi wa mgeni aliyekalia kiti na kukataa kuaga, na Namegabe ameishika kalamu ya Madame Christa dakika ya pili sasa, na karatasi iliyo mbele yake inasema kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba mashine mpya ya kampuni inaangusha pakiti za data za wateja kwa sababu ya kadi ya mtandao iliyofungwa vibaya na fundi Anouar, na chini kuna mstari mtupu unaomngoja yeye, mhandisi, athibitishe, akishaandika jina lake hapo Anouar hana kazi, leo hii, kabla ya chakula cha mchana, "Papa Vainqueur, tia signature, wananingojea ku bandari," Madame anasema, akimwita kwa jina la mwanawe, na mkurugenzi huyu tangu azaliwe hajui kungoja, anajua kungojewa tu, ndiyo Madame, anajibu, naisoma kidogo, na hasomi chochote, anahesabu, wiki tatu, wiki tatu za kuchokonoa kiini cha mfumo, kule chini kabisa ambako mashine hupokea kila pakiti kabla programu yoyote haijaiona, amefanya yote wanayofanya wenye akili, pakiti zilikuwa zinagonga mlango moja moja na kuikatiza prosesa kila mara, akazizuia zisigonge, sasa prosesa inakwenda yenyewe kuzizoa sitini na nne kwa mkupuo, zilikuwa zinanakiliwa mara mbili bila sababu, akaondoa kunakili, akaunganisha prosesa zote nne ili zisaidiane, na hapo ndipo ushetani ulipoanza, kwa sababu ikifanya kazi prosesa moja peke yake zinapita laki nane, zikifanya mbili laki saba, zikifanya zote nne laki sita, mungu wangu, kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo alivyofunzwa, lakini chawa huyu anavunjwa na kidole kimoja na kuvicheka vinne, na huko mtaa wa Gasenyi watu wanapiga simu kutukana, picha zinakwama, sauti zinakatika, na wanafunzi wa Kamenge, majirani zake mwenyewe, wanamwuliza barabarani, kaka, hiyo internet yenu mnaileta kwa baiskeli?

"Madame, ile carte niliifunga, nikaitoa, nikairudisha mara tatu," Anouar anasema kutoka kiti cha pili, mikono juu ya magoti, "haina kosa, walahi," na Madame, bila kumtazama, "Hapa apana kuapa, Anouar, hapa tuko ku kazi," na sauti ya Anouar haipandi, hilo ndilo linalomkera Namegabe kuliko yote, mtu anaonewa na hapigi hata meza, angefoka ingekuwa rahisi, angetukana basi kalamu ingeshateleza yenyewe, lakini amekaa tu na shati lake lililopigwa pasi kana kwamba amekuja kuposa, na kwani nani alimtaja, hebu tuseme ukweli, ni yeye Namegabe, jana, kichwa kimemuuma tangu asubuhi, Madame ameingia na kuuliza, kosa ni ya nani?, si kosa ni nini, kosa ni ya nani, na swali la namna hiyo halitaki maelezo, linataka jina, akatoa lililokuwa karibu, labda ile carte, alisema, labda, aliifunga Anouar, na lile labda lake halimo kwenye karatasi hii, amelitafuta mstari kwa mstari, limeliwa, na wale huko nje nao wana nini, makelele tangu asubuhi, mlango umeachwa wazi na pale mapokezi watu wanne wamebanana mbele ya Lisette, "Musisukumane, rejista ni moja, kila mutu na zamu yake," Lisette anasema, na kila mmoja lazima aandike jina lake, alikotoka, anakokwenda, saa aliyoingia, kisha akabidhi kalamu kwa mwenzake, na mwenzake atafute mstari, na Hamimu, yule wa pili wa mapokezi, aliyeajiriwa mwezi uliopita ili foleni ipungue, amesimama amekunja mikono, kalamu yake sikioni, hana la kufanya, atafanya nini na rejista ni moja, hata wangeajiri Hamimu kumi wangebanana wote juu ya daftari lile lile, wangekanyagana, wangepokonyana, ingekuwa afadhali Lisette awe peke yake… afadhali peke yake… ngoja.

Ngoja, Namegabe, ngoja kwanza, kwa sababu kwenye programu yake ya kupokea pakiti kuna daftari, lipo, aliliweka yeye, siku ya kwanza kabisa, kabla hajagusa kitu kingine, kila pakiti inayoingia iandikwe, imetoka wapi, inakwenda wapi, na hakuna aliyemwomba, alijiamulia, kwa sababu yeye ni mtu wa kuandika, tangu ule mwaka binamu yake Mirindi alipovuka mpaka kutoka Uvira akalala nyumbani kwake Kamenge na yeye akasema aa, nitamwandika kesho kwenye daftari la nyumba, lile ambalo sheria inataka kila anayelala aandikwe, nani atakuja leo, na alfajiri askari wakaja kukagua, wakahesabu vichwa, kimoja kimezidi, Mirindi akachukuliwa na kandambili moja mguuni, akafungwa siku tatu, na Esperance, mke wa Namegabe, alilia siku zote tatu akisema mustari moja tu, Namegabe, mustari moja ilikushinda kuandika, na tangu hapo anaandika kila mtu, shemeji aliyekuja kula tu, mtoto wa jirani, fundi wa bomba, mpaka Esperance anamcheka kwamba ataandika na kuku, na alipopewa mashine ya kampuni akaiandikia daftari vilevile, moja, safi, na akalitia kufuli ili prosesa mbili zisiandike mstari mmoja kwa wakati mmoja, na kufuli nalo ni moja, ole wake, ni moja!, prosesa nne zinazoa pakiti kwa mkupuo halafu zinasimama foleni kupokezana ufunguo, tena kwa kila pakiti, muda mwingi kuliko wa kuandika wenyewe unaishia kwenye kupokezana, na prosesa moja peke yake haina wa kugombana naye, ndiyo maana laki nane, ndiyo maana saba, ndiyo maana sita, ilikuwa imeandikwa usoni pake wiki tatu, nyani haoni kundule, na dawa yake ni ndogo mpaka inatia aibu, kila prosesa ipewe daftari lake, hesabu zijumlishwe baadaye, kazi ya nusu siku, ni saa nne sasa, angemaliza kabla ya jioni, na mbona hafurahi, mtu aliyetafuta wiki tatu akipata hurukaruka, yeye anaisoma tena ile karatasi, kwa sababu kadi haina kosa, haijawahi kuwa na kosa, walahi, kama alivyosema Anouar mwenyewe.

"Papa Vainqueur," Madame anasema, "iko nini tena?", hapana kitu, Madame, na ona sasa ibilisi alivyo na adabu, anakuja polepole, anamwambia, saini, wewe saini tu, kadi mpya itafungwa, nawe wiki ijayo utagawa daftari kimyakimya, laki thelathini kwa sekunde, watasema ni kadi, watakupigia makofi, nani mwingine humu ndani anayesoma ile programu, hakuna, hakuna hata mmoja atakayejua, na Vainqueur ana mwaka mmoja wa shule umebaki, na mkataba wako unafanywa upya Juni, na mgeni wa Bukavu kama wewe akikosea hapewi nafasi ya pili… ni kweli, kila neno ni kweli, ndiyo maana linauma, na hapo Anouar anainama kidogo upande wake, kwa sauti ya chini ili Madame asisikie, "Saini tu, kaka, we uko na watoto, na huku hauna ndugu, mi niko na garage ya baba kule Buyenzi, siwezi lala njaa," anasema hivyo, na anamaanisha, anamtazama kwa huruma, yeye ndiye anayemhurumia, na Namegabe anahisi uso wake ukiwaka moto mpaka masikioni, afadhali angemtemea mate, na karatasi ipo, mstari mtupu upo, kalamu iko pale pale juu yake, Madame anatazama saa, na wiki tatu zote za hasira kumbe zilikuwa zinatafuta jina moja, na jina lenyewe analo, amelibeba tangu Bukavu, na maneno yameshafika kwenye ulimi, machache, mepesi kuliko alivyodhani, ni mimi, Madame, ni mimi.