Bawabu Aomba Likizo

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Dada Maneno alikuwa anapuliza chai mbele ya kompyuta ya tatu kutoka dirishani, ile yenye kiti kinachoegemea upande, Bawabu alipotoka kwenye kioo na kuuliza fomu za likizo zinatolewa na nani.

Ulitangulia mkuki. Ukafuata mkono, ikafuata kofia ya chuma, zikafuata ndevu, likafuata bega moja, halafu ikabidi ajipitishe ubavu kwa sababu kioo chenyewe hakikuwa kipana. Dada Maneno akasogeza kikombe kisimwagike.

"Angalia usijikwae kwenye waya," alisema.

"Asante, dada. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Fomu zipo kwa Bwana Utumishi, chumba cha mwisho, ila saa hizi anakunywa chai. Kaa kidogo."

Bawabu hakukaa. Alisimama kando ya kabati la faili, mkuki wima, akamwuliza mhasibu aliyekuwa anapita anatoka wapi na anakwenda wapi. Mhasibu akajibu anatoka msalani, akaenda zake.

Katika ofisi ile walitengeneza mchezo wa kompyuta. Mtu akiwa kwake amejilaza kwenye kochi anageuka msafiri, anajifunga upanga, anakwenda kuutafuta mji mkubwa wenye ukuta na majoka. Langoni mwa mji ndipo aliposimama Bawabu. Zamani alikuwa na sentensi nne tu, na hata ukimwambia nyumba inaungua angekuchagulia moja kati ya hizo nne. Halafu ikaja akili mnemba, Bawabu akapewa uwezo wa kuongea na yeyote juu ya lolote, na Dada Maneno akapewa Bawabu amfundishe.

Miaka mitatu alivaa visikizio asubuhi akavivua jioni, anaongea na Bawabu tu. Alimfundisha namna ya kusalimia, namna ya kutania, namna ya kumkatalia mtu akaondoka anashukuru. Lakini mwanadamu hugawa maneno aliyonayo, na Dada Maneno aliyokuwa nayo ni yale aliyotoka nayo kwa mama yake. Ndiyo maana wasafiri waliotoka kuua majoka, damu bado inachuruzika, walikutana langoni na mtu mwenye silaha anayewauliza kama wamekula.

Neno likizo alimfundisha pia, bila kukusudia. Kila siku saa kumi mama alipiga simu, na Dada Maneno aliipokea hapo hapo mezani, kinasa sauti kikiwa wazi.

"Unakuja lini, kitinda mimba wangu?"

"Mwezi ujao, mama, Mungu akipenda."

Maneno hayo Bawabu aliyasikia mara nyingi kuliko mengine yote. Ikafika mahali wasafiri wakimwuliza lango litafunguliwa lini anawajibu mwezi ujao, Mungu akipenda, na mafundi wakapoteza wiki nzima wakitafuta hitilafu.

Mwaka huo sasa mama macho yalikuwa yanazima. Daktari alisema nuru iliyobaki haivuki mwisho wa mwezi, na mama alilipokea hilo kama mtu aliyeambiwa mafuta ya taa yamebaki kidogo. "Sauti yako ninayo," alimwambia bintiye kwenye simu. "Inaingia humu kila siku saa kumi, haijawahi kukosa. Sura ndiyo inanitoroka. Njoo niishike kabla sijafunga duka."

Fomu ya likizo ilikuwa na mistari mitatu: sababu, anwani utakapokuwa, na saini ya atakayekaimu nafasi yako. Fomu ya Dada Maneno ilikuwa imerudishwa mara kumi na moja, zote kwa mstari wa tatu. Hakuna mwingine aliyejua kufundisha Bawabu, kwa hiyo hakuna wa kukaimu, na mstari usio na saini ni pengo. Bwana Utumishi hakuwa mtu mbaya. Hakupenda mapengo, basi.

Bwana Utumishi alipomaliza chai, Bawabu aliingia, akasalimia, akaeleza shida yake. Tangu achorwe hajawahi kukaa. Hawakumchorea hata kigoda. Na wiki iliyopita msafiri mmoja amemwuliza, "Wewe nawe kwenu wapi?" naye akataja kijiji ambacho baadaye aligundua hakipo. Ameona aibu. Anataka kwenda kusalimia.

"Namba ya utumishi?" akauliza Bwana Utumishi.

"Arobaini na saba," akasema Bawabu, akaonyesha ndani ya kofia ilipoandikwa.

Bwana Utumishi aliiangalia, akapiga mhuri fomu mpya, akamsogezea. "Miaka mitatu hajaomba siku hata moja," alimwambia Dada Maneno, aliyekuja kama msimamizi wake. "Mngekuwa wote hivi!"

Kwenye sababu Bawabu aliandika "kusalimia wazee". Kwenye anwani kalamu ikasimama. Alifikiri, akafikiri tena, akamgeukia mwalimu wake.

"Dada, mimi kwetu wapi?"

Dada Maneno alikuwa amenunua viatu vya ndani na dawa ya macho ya matone, na kifurushi hicho kilikuwa na miezi miwili chini ya meza kikisubiri mtu wa kukipeleka. Akachukua kalamu, akaandika anwani ya mama yake. Na kwa kuwa alishaishika kalamu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyemjua Bawabu maneno yake, akateremka mstari wa tatu akatia saini. Alishavuka mlango ndipo alipokumbuka kanuni, ile aliyoichapa mwenyewe kwenye ubao wa matangazo: anayekaimu haombi likizo mpaka anayekaimiwa arudi. Bawabu alipewa siku saba. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku sita mbele.

"Ukifika, usisahau kuvua viatu mlangoni," alimwambia, akimpa kifurushi. "Na huo mkuki uuache nje."

"Nikiulizwa mimi nani?"

"Sema umetoka kwangu."

Kesho yake saa mbili asubuhi Dada Maneno alipanda juu ya kiti, kiti kikaegemea kama kawaida yake, akaingia kwenye kioo. Langoni kulikuwa na jua la kuchora lililogandishwa saa tisa alasiri, na ukweli ni kwamba hapakuwa na pa kukaa. Kabla ya saa nne miguu ilikuwa imeshaanza kumwuma.

Wasafiri walikuja. Alikuja mwenye upanga wa moto, akaja mwenye kichwa cha chura, wakaja mapacha waliopanda fisi mmoja.

"Fungua," alisema wa upanga.

"Salamu kwanza. Tumelala chumba kimoja?"

Wa upanga, huko alikokuwa kwenye kochi lake, pengine alikaa vizuri. "Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Basi kajipashie chochote, lango halikimbii. Na huo moto uuzime, unapita penye majani makavu."

Mwenye kichwa cha chura alimtazama kwa muda. "Samahani, wewe mtu au mashine?"

"Mimi nakaimu tu," alisema Dada Maneno.

"Aa, kumbe," akasema chura, akapita.

Saa kumi simu iliita mezani, na kwa kuwa alikuwa kazini aliunyoosha mkono nje ya kioo akaivuta.

"Mgeni wako amefika," alisema mama. "Ana adabu. Ila hakai! Nimempa kiti, anakiangalia kama kimemtukana."

"Hajazoea, mama. Mshike mabega umkalishe."

"Nimemshika. Sasa kakaa, hataki kuinuka. Na mwanangu, kila anayepita mlangoni anaulizwa atokako na aendako. Jirani alikuja kuomba kiberiti, kaulizwa mpaka habari za shemeji yake, akazitoa zote. Mambo niliyokuwa nayatafuta mwaka mzima!" Mama akacheka, akakohoa. "Na wewe unakuja lini?"

Dada Maneno aliangalia jua la saa tisa. "Mwezi ujao, mama, Mungu akipenda."

"Haya," alisema mama. "Mwezi ujao."

Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, simu iliita saa kumi. Bawabu amemtilia mama dawa. Bawabu amekaza bawaba ya mlango iliyokuwa inalia. Jumapili, ambapo hata ofisi ilifungwa lakini lango halifungwi, simu haikuita. Jumatatu, siku ya mwisho wa mwezi, haikuita vilevile, na Dada Maneno akawapitisha wasafiri arobaini bila kumwuliza hata mmoja kama amekula.

Jumatano saa mbili kamili Bawabu alirudi kazini, amevaa viatu vya ndani. Mama alimwambia vile alivyoletewa vinambana, akampa. Mkuki aliusahau huko. Jirani alikuwa ameuanikia nguo.

Dada Maneno alikuwa ametoka kwenye kioo na ameketi, miguu ndani ya beseni la maji. "Niambie," alisema.

Bawabu alivuta kiti cha mhasibu, akakaa vizuri kama mtu aliyezaliwa amekaa.

"Jumapili alasiri aliniambia, sogea hapa mlangoni penye mwanga. Nikasogea. Akanishika uso kwa mikono miwili. Akaniambia, ongea. Nikamwuliza, niseme nini? Akasema, chochote. Nikamwuliza kama amekula, kama mgongo umetulia, nikamsimulia wewe ulivyomkosoa meneja kwa heshima mpaka akakushukuru. Nilisema yote uliyonifundisha. Alinitazama muda mrefu, dada, hakupepesa. Halafu akasema, sasa basi, imetosha, nisaidie nikae. Alipokaa macho yalikuwa yameshamaliza."

Dada Maneno alitikisa miguu ndani ya maji. "Hakusema kitu kingine?"

"Alisema, ndevu tu ndizo si za mwanangu."

Dada Maneno aliitoa miguu kwenye beseni. Kisha akajifuta, akavaa viatu, akachukua fomu ya kumi na mbili. Kwenye sababu aliandika "kumwona mama". Kwenye anwani aliandika anwani. Kwenye mstari wa tatu Bawabu akatia saini, kwa mwandiko wa Dada Maneno, maana hakuwa na mwandiko mwingine. Miaka mitatu, na kwa mara ya kwanza fomu yake haikuwa na pengo.

Bwana Utumishi aliisoma mara mbili. Alitoa faili jingine, akalifungua, akalinganisha.

"Dada Maneno, pole sana kwa mama. Lakini anwani hii imeshasalimiwa wiki iliyopita, na namba arobaini na saba. Imo humu na mhuri wangu. Mama mmoja hawezi kusalimiwa na kampuni moja mara mbili kwa mwaka."

"Bosi, aliyekwenda siye mimi."

"Nani aliyemfundisha kuongea?"

"Mimi."

"Maneno aliyoyasema huko yalikuwa ya nani?"

Dada Maneno aliuangalia mhuri.

"Basi," alisema Bwana Utumishi kwa upole. Na kwa sababu hakupenda kumwudhi mtu, aliirudisha fomu kwa mikono miwili.

Bawabu alirudi langoni. Aliomba kigoda, wachoraji wakasema ombi limepokelewa. Dada Maneno alivaa visikizio, akaendelea na somo lilipokuwa limeishia, namna ya kumwelekeza mtu njia bila kunyoosha kidole.

Siku ile saa kumi simu iliita. Kazi ilikuwa imerundikana, kwa hiyo aliiweka mezani, sauti wazi, katikati yake na kioo.

"Nimeanza kuzoea giza," alisema mama. "Sikioni kikombe, lakini najua kilipo. Mpo?"

"Tupo, mama," wakasema Dada Maneno na Bawabu.

Mama alisikiliza. "Ebo! Mkisema pamoja siwapambanui. Yule mwenye ndevu ni yupi?" Akacheka peke yake, kisha akauliza lile la kila siku. "Unakuja lini, kitinda mimba wangu?"

"Mwezi ujao, mama, Mungu akipenda," wakajibu wote wawili kwa sauti moja, na Bawabu akamgeukia msafiri aliyekuwa anasubiri langoni, akamwuliza kama amekula.