Nimmalizie Leo

Kabla sijajiunga na darasa la kisomo cha watu wazima, simu yangu ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Ujumbe ulipoingia, nilimpelekea jirani yangu mshonaji, naye akawa anazijua habari za nyumba yangu kabla yangu mwenyewe. Nilipoanza kuunganisha silabi, nilimwomba mwanangu asinipigie tena bali aniandikie, ili nizoee kusoma. Alitii. Aliniandikia kuhusu chumvi iliyokwisha, maji yaliyokatika na mahali alipouacha ufunguo, nami nilizisoma habari hizo zote kwa kufuatisha kidole.

Mwanangu ni fundi umeme. Marehemu baba yake alikuwa mpiga gitaa, na gitaa lake lilisikika kupitia amplifaya kuukuu yenye sanduku la mbao, ya zile ambazo ndani yake mna taa za kioo zinazopata moto taratibu kabla sauti haijatoka. Baada ya msiba, amplifaya hiyo ilichukuliwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye naye ni mpiga gitaa. Mwanangu alikusudia kuunda nyingine itakayofanana nayo kwa kila hali. Alipata transfoma, akapata taa, akaranda na sanduku lenyewe. Alichokosa ni kuifungua ile ya zamani ili aone waya zake zilivyopangwa, maana ile aliyoiunda yeye ilikuwa ikivuma tu kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo.

Shemeji alikataa katakata.

"Hii haifunguliwi na mtoto wa jana," alisema mbele yangu.

"Baba mdogo, nitaangalia tu."

"Utaangalia mkishanizika!"

"Haya, tutasubiri," mwanangu akajibu, akaondoka na kuubamiza mlango.

Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mwanangu si mtu wa fujo, lakini hasira yake ni ya chini kwa chini, na hasira ya namna hiyo ndiyo inayonitia hofu. Jibu lile la "tutasubiri" lilinikaa moyoni.

Basi alasiri moja, mwalimu akiwa anaandika ubaoni, simu ilitetemeka mapajani mwangu. Niliifungua chini ya dawati.

"Mama, baba mdogo yuko hapa. Nimeishiwa risasi. Ukitoka darasani uninunulie njiani, nataka nimmalizie leo hii hii."

Nilisoma mara moja, nikarudia. Baba mdogo. Risasi. Nimmalize leo. Mwanangu ana bunduki tangu lini? Na mimi mama yake ndiye wa kumnunulia risasi?

"Mama, unaumwa?" mwalimu aliniuliza.

"Nyumbani kuna jambo, mwalimu."

Sikumwonyesha mtu ujumbe ule. Nilipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikakimbia kama mtu ambaye hajawahi kuzaa. Mshonaji aliniona kutoka barazani kwake.

"Jirani, mbona mbio? Kuna msiba?"

"Bado!" nilimjibu bila kusimama.

Mlango wa chumba cha uani ulikuwa umefungwa. Ndani nilimsikia shemeji akisema kwa sauti ndogo, "Hapo hapo, mwanangu. Usitetemeke." Niliusukuma mlango kwa bega.

"Usimuue baba yako!"

Vichwa viwili viliinuka kutoka mezani. Amplifaya mbili zilikuwa zimelazwa kifudifudi bega kwa bega, migongo wazi. Mkononi mwa mwanangu hamkuwa na silaha, ila pasi ya kuchomelea waya. Nilinyoosha mkono nimshike.

"Mama, usiguse hapo! Hiyo ya zamani imezimwa, lakini bado ina umeme ndani."

"Nani amuue nani?" shemeji aliuliza, amekodoa macho.

Nilimpa mwanangu simu. Alisoma maneno yake mwenyewe, akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika.

"Mama, risasi ni huu uzi wa kijivu tunaouyeyusha kuunganisha waya. Mafundi wote tunauita hivyo. Umebaki huu hapa, kama ukucha."

"Na huyu unayetaka kummaliza?"

"Soma tena. Taratibu."

Nikasoma kwa sauti, kidole juu ya kioo. "Ni-m-ma-li-zi-e."

"Umeona? Nimmalizie. Nimmalizie baba mdogo kazi. Hiyo *i* uliiruka."

"Ewe *i*," alisema shemeji akijishika kifua, "Mungu akuzidishie! Kumbe roho yangu ilikuwa inaning'inia kwenye herufi moja!"

Nilikaa juu ya sanduku la vifaa, nikacheka, kisha nikalia, kisha nikashindwa kujua ninafanya lipi. Shemeji aliacha mzaha, akachuchumaa mbele yangu.

"Shemeji, ile ya kaka imekata kauli. Taa zinawaka, sauti hakuna, na Jumamosi nina kazi ya watu. Nikameza kiburi changu, nikaibeba mpaka hapa. Nikamwambia kijana, fungua."

"Transfoma yake ya kutolea sauti imeungua," mwanangu alieleza. "Nitaitafutia nyingine. Lakini waya zake nimeziona, na pale nilipokosea pia nimepaona. Baba mdogo ataondoka na hii yangu. Imebaki kuchomelea waya wa spika."

"Kwa hiyo, mama mtu," shemeji alidakia, "hiyo risasi umeileta?"

"Mimi siingii dukani kuulizia risasi ya aina yoyote. Nendeni wenyewe."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Na mrudi wote wawili."

Walitoka wakisukumana mlangoni kama watoto. Nilisimama kizingitini, viatu bado mkononi, nikawatazama wakishuka mtaa huku wakibishana kwa sauti kubwa kama sauti nzuri hutoka kwenye taa au kwenye transfoma. Mshonaji alipaza sauti kuuliza kama sasa kuna msiba. Shemeji alimjibu kwamba ulikuwepo, ila umeahirishwa. Walipofika kwenye kona, alimwekea mwanangu mkono begani, na mwanangu hakuutoa.