Mpunga Ndani ya Kompyuta

Tak. Tak. Tak-tak.

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Johari alitega sikio gizani. Panya hagongi hivyo, wala mjusi. Akapapasa kimeza cha pembeni mwa kitanda mpaka akaigusa kompyuta yake kuukuu, nayo ilikuwa ya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

"Shaban, amka. Inagonga."

"Nani anagonga?" mumewe akauliza kwa usingizi.

"Kompyuta."

"Iambie iingie."

Johari hakucheka. Ndani ya mashine ile mlikuwa na sauti ya Madam Petronila, mwalimu kutoka bara aliyewafundisha wanawake wa kijiji cha Mbwera masomo ya jioni. Alipohamishwa aliwaachia kompyuta hiyo, na humo masomo yote aliyoyarekodi kwa mdomo wake, akiwafafanulia kwa Kiswahili yaliyoandikwa kwa Kiingereza vitabuni. Kila jioni jirani yake Mwamini na wanawake wenzake walijaa barazani kwa Johari, watoto mgongoni, wakasikiliza. Wote walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Sauti ile ikipotea, darasa nalo limekwisha.

Kosa lilikuwa la hapohapo nyumbani. Siku chache nyuma, Johari akiwa safarini nayo, maji yaliruka botini, kompyuta ikalowa. Simu ikilowa watu huizika kwenye mchele, hilo hata mtoto analijua. Lakini mavuno ndiyo kwanza yalikuwa yameingia na hakuna aliyekuwa ametwanga. Shaban akaizika kwenye gunia la mpunga.

"Mpunga si ndio mama wa mchele?" alisema, na Johari akaona ana hoja.

Kulipopambazuka alimchukua binti yake Sabra, wakapanda boti hadi Nyamisati, na kutoka hapo gari mpaka Kibiti, kwa Fundi Elinipendo, dada wa Kipare mwenye kibanda nyuma ya soko. Fundi alilegeza skrubu kwa bisibisi, akainua mfuniko, akaguna. Kisha akaipindua mashine. Punje za mpunga zikamwagika mezani.

"Mama Sabra, umeniletea laptopu au ghala?"

"Ililowa, fundi. Tukaizika ikauke."

"Na maganda yake! Pumba zimeziba feni, joto limeipika diski. Ungechelewa kidogo ingechipua."

Walicheka wote, ila kicheko cha Johari kiliishia njiani, macho yakamjaa maji. Fundi akaliona hilo, akaacha utani.

"Sikiliza, dada. Kompyuta itapona. Nakuwekea diski mpya, isiyo na kitu cha kuzunguka ndani, haitagonga kamwe. Nitaifomati kwanza, yaani kama shamba: nalisafisha, nalikata majaruba ya kupandia. Halafu napiga window, programu ya kuiendeshea. Lakini shamba jipya halina kitu. Hivyo vilivyomo kwenye diski ya zamani, tuombe tuvihamishe kabla haijakata roho."

Akaiunganisha diski kuukuu kwa waya na kompyuta ya pale kibandani. Iligonga, ikatulia, na masomo yakaanza kuvuka moja moja: hesabu, historia, uraia. Johari alikuwa ameshika kichwa cha Sabra kwa mikono miwili, hata mtoto akalalamika kwamba anaumia. Ilipofika zamu ya baiolojia, diski ilitoa mkwaruzo mrefu, kisha kimya. Fundi akabadilisha waya. Akaiacha ipoe, akajaribu tena, akaiweka upande. Kimya kilekile.

"Baiolojia imebaki huko," alisema. "Pole, dada yangu."

Na baiolojia ndiyo iliyokuwa ikiwatoa jasho wanawake wote wa barazani. Fundi alipokuwa akiifomati diski mpya ili ayahamishie humo masomo yaliyopona, Johari alitoka nje na kupiga simu.

"Shikamoo, madam. Tumekupoteza." Akamweleza yote, mpaka habari ya mpunga.

"Marahaba. Sina nakala, mwanangu. Kila kitu niliwaachia ninyi," alisema Madam Petronila. "Lakini kitabu si kipo?"

"Kipo, ila kitabu hakisemi kama wewe."

"Mimi nilikuwa nasoma humohumo, nikikwama nakohoa. Hukunisikia ninavyokohoa?" Akacheka mwenyewe. "Rekodi wewe."

"Mimi, madam?"

"Nikishamaliza kufundisha, nani aliyekuwa anabaki kumwelewesha Mwamini pale mlangoni? Ulidhani sioni?"

Johari alirudi Mbwera na mashine iliyokuwa kimya mno, hata Shaban akaitegea sikio.

"Imekufa?"

"Imepona. Ndivyo ilivyo sasa."

Alasiri ya kesho yake aliketi barazani, akafungua kitabu penye somo la moyo, akaanza kurekodi. Alitafsiri neno kwa neno. Sentensi zilitoka kama mawe. Alijisikiliza, akafuta. Akaanza upya, akafuta tena. Mle ndani ya diski mlikuwa na nafasi tele, naye hakuwa na la kuweka.

Uani Shaban alikuwa akisuka dema, mtego wake wa samaki, na Sabra ameketi karibu yake akichezea fito. Johari akalitazama lile dema. Kisha akafunga kitabu.

"Jamani," aliiambia kompyuta, kama vile Mwamini ameketi mbele yake, "dema mnalijua. Samaki anaingia kwa raha zake, njia pana. Akitaka kutoka, zile fito za ndani zinamkatalia. Basi moyo nao una milango ya namna hiyo. Unaisukuma damu, damu inapita, na mlango unajifunga nyuma yake. Mlango ukilegea, hapo ndipo mtu anapougua."

"Ee! Kumbe?" Shaban akadakia, fito mkononi.

Johari akampungia mkono anyamaze, akaendelea. Maneno sasa yalikuwa yakija yenyewe, na hakuna aliyekohoa. Sabra aliuingiza mkono wake ndani ya dema, akauvuta, fito zikambana. Akautazama mkono, akamtazama mama yake.

"Damu hairudi nyuma," alisema Sabra.