Kitambaa Cheusi cha Juvénal

Abiria walitakiwa wawe wamerudi melini saa kumi jioni. Juvénal alikuwa amesimama kwenye geti la bandari ya Durban tangu saa kumi na mbili asubuhi, kitambaa cheusi kimefungwa mkono wa kushoto, mfuko wa plastiki mkono wa kulia. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati jeupe jipya.

Kitambaa hicho alikivaa miaka miwili sasa, tangu mkewe Marie afe. Katika ukoo wa Marie, mwanamume aliyefiwa hajivui mwenyewe. Anavuliwa na watu wa mkewe, wanamvika nguo nyeupe, wanamwambia nenda ukaishi. Kabla ya hapo haoi, haketi kwenye karamu, hata akicheka watu wanamkodolea macho. Na watu wa Marie wangetoka wapi, na vita vimewatawanya wote huko Kongo? Alibaki dada yake mkubwa tu, Tina, aliyeolewa Marseille. Leo Tina, mumewe Serge na binti yao Peguy walikuwa ndani ya meli hii ya starehe, iliyozoea kuzunguka Mediterania, na mwaka huu wa 1998 imeshuka mpaka kusini. Siku moja tu Durban, basi.

Abiria wakaanza kutoka, askari wa geti anawapungia mkono.

"Ona hao," Juvénal akanung'unika peke yake. "Hata hawaulizwi jina. Mimi kwa kikaratasi kimoja cha ukimbizi nalala barabarani nikipanga foleni. Wakubwa hawa, Mungu anawaona."

Tina alimkumbatia. Akakigusa kile kitambaa kwa vidole viwili.

"Shemeji, karibuni. Makaburi si mbali, taxi iko pale..."

"Polepole, mwanyumba!" Serge akacheka. "Mtoto anataka bahari kwanza."

"Bahari? Si mmelala juu yake wiki tatu?"

"Ile ya kuangalia. Hii ya kuingia."

Basi wakaenda ufukweni. Peguy akaruka mawimbi, Serge akampiga picha, Tina akakaa mchangani na viatu mkononi. Juvénal hakukaa. Alitembea huku na huku, akawauliza saa watu watatu tofauti, wa nne akamkimbia. Kutoka hapo wakaenda sokoni, Tina akachagua shanga, akazirudisha, akachagua tena. Kisha Peguy akasikia njaa, wakanunua mikate iliyotobolewa na kujazwa mchuzi wa maharagwe. Kila walipofika kwenye robot, zile taa za kuongoza magari, ilikuwa nyekundu.

"Hata taa wanazifunga makusudi," Juvénal alisema.

"Nani, tonton?" Peguy akamuuliza baba yake mdogo.

"Wakubwa."

"Na ndani ya mfuko iko nini?"

"Iko shati."

"Ya nani?"

"Ya mtu mmoja anangoja."

Tina alimtazama, akaendelea kula.

Walifika makaburini saa nane na nusu. Tina akapiga magoti, akang'oa majani yaliyoota juu ya mdogo wake, jani moja moja. Juvénal akatoa shati mfukoni nusu.

"Niambie alivyokufa," Tina alisema bila kugeuka.

Hadithi hiyo Juvénal aliijua kama njia ya kwenda kwake. "Shemeji, ni wakubwa walimuua. Alienda hospitali na homa, yule mtu wa dirishani akamwambia, karatasi iko wapi? Hana. Akamfukuza. Keshokutwa yake..."

"Hayo uliniandikia. Karatasi ilikuwa wapi?"

"Watu wa ofisi ya vibali..."

"Sijauliza ofisi, Juvénal. Nimeuliza karatasi."

Serge akamshika binti yake mkono, wakasogea pembeni.  Juvénal akalirudisha shati mfukoni. Tina akasimama, akakung'uta magoti.

"Twende. Meli haitungoji."

Taxi ikawarudisha bandarini. Saa kumi kasoro robo wakawa getini tena. Serge na Peguy walikuwa wameshapita, na Tina ameshika chuma cha geti, Juvénal aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Ilikuwa mfukoni mwangu."

Tina akasimama.

"Karatasi yetu ilikuwa moja, jina langu juu, lake chini. Ilikuwa siku ya kuiongeza muda. Aliniambia anasikia baridi. Nikamwambia jikaze, nikikosa foleni leo tumekwisha. Nikaondoka nayo alfajiri. Yule wa dirishani alifanya ubaya, sitamsamehe. Lakini karatasi niliibeba mimi."

"Najua," Tina alisema. "Alinipigia kutoka duka la simu, ametoka kufukuzwa. Akaniambia, yaya, dada yangu, karatasi iko na Juvénal, lakini usimgombeze, anahangaika kwa ajili yetu." Akapangusa pua kwa kiganja. "Miaka miwili nasoma barua zako. Iko dirisha, iko foleni, iko serikali. Wewe humo sikukuona. Sasa ningemvua nani?"

"Mama! Wanafunga!" askari akapiga kelele.

Tina akashika fundo la kitambaa. Lilikuwa limekazwa na jasho na mvua, halifunguki. Akainama akalifungua kwa meno, pale pale, watalii wanatazama. Akatoa shati, akamvika juu ya lile alilovaa, akafunga vifungo mbio mbio.

"Watu wa Marie tumekuvua. Nenda ukaishi."

Akaingia na kitambaa kwenye ngumi yake. Peguy, kule mbele, alikuwa anacheka: "Mama, umekosea vifungo!"

Kweli, upande mmoja wa shati ulikuwa umening'inia chini ya mwingine. Juvénal akasimama mpaka ngazi ya meli ikapandishwa, ndipo akaondoka kwa miguu. Robot ya kwanza ilikuwa nyekundu. Akawatukana wakubwa kidogo. Mkono wake ukapanda kwenye kifungo cha juu, ukakishika, ukakiacha vile vile kilivyofungwa.